Kusikia na Kutii: Habari za Masikio ya Waliotibiwa Kansa

Hotuba ya Kamati ya Afya, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na wanachama wote wa Kisii na Nyamira:

Kamati ya Afya imepewa nafasi ya kusema mara baada ya Mweka Hazina kusoma hesabu za mwaka, nasi twajua ya kuwa hesabu zikiisha kusomwa watu huanza kutazama mlango na mawingu. Hata hivyo twawaomba subira yenu. Jambo tulilo nalo si la wagonjwa peke yao, bali ni la jinsi tunavyokaa na wenzetu wanaporudi kutoka hospitali. Mwisho wa maneno yetu tutauomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

Tutaanza kwa kuungama kosa. Mzee mmoja wa chama hiki, ambaye hatutamtaja jina ingawa yeye mwenyewe ameturuhusu kueleza habari zake, aliugua kansa ya nyuma ya pua. Wanachama walichanga fedha za safari na za malazi, naye akatibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya kutiwa mshipani. Aliporudi tulimpokea kwa furaha, tukamshukuru Mungu, tukala pamoja naye. Tulidhani ya kuwa kazi yetu imekwisha.

Mwaka mmoja na nusu ulipopita tukaanza kumwona amebadilika. Akiitwa njiani haitiki. Akisalimiwa na watoto anapita kimya, jambo ambalo kwetu sisi watu wa Gusii si dogo. Siku moja katika kikao cha mpaka wa shamba aliulizwa kama anakubali mpaka upite penye mti, naye akajibu habari za mvua. Vijana wakacheka. Katika kikao kilichofuata alikaa kimya tangu mwanzo hata mwisho, na katika kile cha tatu hakuja kabisa. Sisi wa Kamati tuliandika katika kumbukumbu zetu ya kuwa mzee huyo "hana ushirikiano tena," na kiti chake tukampa mtu mwingine. Wengine wakasema ugonjwa umempanda kichwani. Wengine wakanong'ona maneno ya uchawi. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza habari za masikio yake.

Aliyetambua ni mjukuu wake wa kike, msichana wa shule. Aliona ya kuwa babu humjibu vizuri akiwa amesimama mbele yake penye mwanga, lakini akisema akiwa nyuma yake, au jikoni moto ukilia, hajibu neno. Mzee alipopelekwa kupimwa, ikaonekana ya kuwa masikio yake yote mawili yamepungua nguvu, na ya kuwa chanzo chake ni matibabu yale yale yaliyomwokoa. Alikuwa hakatai kutusikiliza. Alikuwa hatusikii.

Lugha ya Kiswahili ina neno moja kwa mambo haya mawili. Tukisema mtoto hasikii, twaweza kuwa na maana ya kwamba masikio yake ni mabovu, au kwamba ni mkaidi. Wahenga walisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na tena, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali hizi ni za kweli kwa mtu mkaidi, wala hatusemi ziachwe. Lakini mzee wetu alikuwa amesikia la mkuu. Alikuwa ameisikia dawa, akaifuata siku kwa siku, majuma mengi, mbali na nyumbani kwake. Sikio lake ndilo lililolipa gharama. Kumwita mtu wa namna hiyo mkaidi ni kumwonea.

Sasa, wazee wetu, tueleze ugonjwa wenyewe na jinsi matibabu yake yanavyofika sikioni, kwa kadiri madaktari wanavyofundisha.

Kansa, ambayo wengine huiita saratani, huweza kushika mahali pengi penye kichwa na shingo: kinywani, kooni, penye sanduku la sauti, penye tezi za mate, na nyuma kabisa ya pua. Kansa za kinywa na koo hupatikana zaidi kwa watu wanaovuta tumbaku na kunywa pombe kali, na hatari huzidi sana kwa mtu anayefanya yote mawili. Kansa ya nyuma ya pua ni ya namna nyingine, na nchi yetu ya Kenya ina historia nayo. Katika miaka ya 1960 Daktari Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi Nairobi, aliandika habari za wagonjwa wengi wa kansa hiyo, akaeleza ya kuwa ilionekana zaidi kwa watu wa nyanda za juu. Yeye na wenzake walishuku moshi wa nyumba zenye baridi ambazo moto huwashwa ndani bila madirisha ya kutosha. Mwaka 1964 wataalamu wa London waligundua kirusi kiitwacho Epstein-Barr katika vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Uganda, na baadaye ikajulikana ya kuwa kirusi hicho kina sehemu kubwa katika kansa ya nyuma ya pua. Lakini watu wengi sana duniani wanacho kirusi hicho tangu utotoni wala hawapati kansa. Kwa hiyo mgonjwa asiogopwe, wala asitengewe kikombe chake.

Kansa hii ina jambo moja ambalo kila mzee hapa yampasa alijue. Nyuma ya pua pana tundu la mrija mwembamba uendao sikioni, na kazi yake ni kuingiza hewa nyuma ya kiwambo cha sikio. Uvimbe ukiziba tundu hilo, maji hukusanyika ndani na sikio huwa zito. Kwa hiyo sikio moja lililoziba huweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wenyewe, kabla ya matibabu yo yote. Mtu mzima ambaye sikio lake moja limeziba kwa majuma matatu au zaidi bila kupona, au mwenye uvimbe wa shingo usiopungua, au anayetokwa damu puani mara kwa mara, asikae nyumbani akitia mafuta ya moto na majani sikioni. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa ya karibu, akachunguzwe hata nyuma ya pua. Kansa iliyogunduliwa mapema hutibika kwa urahisi kuliko ile iliyoachwa ikaenea.

Tiba kubwa ya kansa ya nyuma ya pua ni mionzi, kwa sababu mahali penyewe ni pa ndani mno na kisu hakifiki vizuri. Hospitali Kuu ya Kenyatta huko Nairobi ilianza kutibu kwa mionzi mwaka 1968, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma ya pekee yenye kazi hiyo. Katika miaka ya karibuni mashine zimewekwa katika miji mingine pia, kama Eldoret na Nakuru, ambayo ni karibu nasi kuliko Nairobi. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, kichwa chake hushikwa kwa barakoa ili asitikisike, naye hupigwa mionzi kwa dakika chache. Hasikii maumivu wakati huo. Kwa kawaida hufanya hivyo siku tano kila juma, kwa muda wa majuma sita au saba. Mara nyingi hupewa pia dawa iitwayo sisplatini, ambayo huipa mionzi nguvu zaidi juu ya kansa.

Mionzi hiyo huelekezwa penye uvimbe, lakini hapana budi ipite penye nyama zilizo jirani, na sikio ni jirani wa karibu. Madhara yake ni ya namna mbili, na ni vema tuzitofautishe, maana moja yatibika na nyingine haitibiki.

Namna ya kwanza ni ya sikio la nje na la kati. Ngozi ya tundu la sikio hukauka, nta hukusanyika, na ule mrija tuliousema huvimba au kukakamaa. Maji hujaa nyuma ya kiwambo, na mgonjwa husikia kana kwamba amezama mtoni. Haya huweza kutokea wakati wa matibabu au miezi michache baadaye. Daktari akitazama sikio ataona, na mara nyingi yako mambo awezayo kufanya, ingawa sikio lililopigwa mionzi hutaka mkono wa mtu aliyezoea.

Namna ya pili ni ya sikio la ndani. Huko ndani, katika mfupa mgumu, mna chombo kidogo kilichojipinda kama nyumba ya konokono. Ndani yake mna chembe ndogo zenye vinyweleo, yapata 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Mionzi mingi huziharibu chembe hizo pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Dawa ya sisplatini nayo huziharibu, na hiyo hufika sikioni kwa njia ya damu, hata ikiwa kansa iko mbali na sikio. Vikikutana viwili hivyo, hatari huongezeka. Chembe hizo zikifa kwa binadamu hazioti tena.

Madhara hayo ya mionzi hayaji kwa haraka. Aghalabu huanza kuonekana baada ya miezi sita au zaidi, na huweza kuendelea kuongezeka kwa miaka. Ndiyo sababu watu wengi hawayaunganishi na matibabu. Mgonjwa amekwisha kurudi shambani, amekwisha kuambiwa amepona, na jamaa wamekwisha kuacha kumtazama kama mgonjwa. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali ulionyesha ya kuwa, miongoni mwa watu ambao sikio lao la ndani lilikuwa katika njia ya mionzi, yapata theluthi moja walipungukiwa usikivu, hasa wa sauti nyembamba. Wazee hudhurika upesi kuliko vijana, na mtu ambaye usikivu wake ulikuwa umepungua tangu zamani ana kidogo cha kupoteza.

Neno hili la sauti nyembamba yafaa tulifahamu, maana ndilo linalotuletea ugomvi. Mfano wake ni obokano, kinanda chetu cha nyuzi nane. Nyuzi za sauti ya juu zikikatika, mvumo wa zile nene bado wasikika, lakini wimbo hautambulikani. Ndivyo alivyo mtu huyu. Asikia ya kuwa watu wanasema, lakini hajui wanasema nini. Sauti za s, f, sh na t humpotea kwanza, na sauti za watoto na wanawake humpotea kabla ya zile za wanaume. Ukimwambia "fika," yeye huenda akasikia "shika" au "pika." Mama anayeuza ndizi Daraja Mbili akitajiwa sabini huenda akasikia tisini, kisha mteja akamwita mwizi. Pengine masikioni mwake mna mlio usiokoma, kama nyuki au kengele, na usiku wamnyima usingizi. Na kwa kuwa husikia maneno mengine na kukosa mengine, watu husema, "Huyu husikia anapotaka." Maneno hayo yamemuumiza mzee wetu kuliko ugonjwa, kama alivyotuambia mwenyewe.

Wanachama, hapa twataka kusema jambo moja kwa sauti ya wazi, ili pasiwe na mtu atakayetoka katika mkutano huu na habari isiyo sawa. Hatusemi watu waikatae mionzi. Kansa ya nyuma ya pua isipotibiwa huua. Mtu aliye hai na sikio zito anaweza kuwaona wajukuu wake, kulima chai yake, na kutoa shauri lake katika kikao. Mwenye kukataa matibabu kwa kuhofia masikio atakosa uhai na masikio pamoja. Watu wa Gusii hawakuanza leo kustahimili matibabu mazito ya kichwa. Babu zetu walikuwa na ababari, waganga waliofungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kusumbuliwa na maumivu, na wataalamu kutoka nchi za mbali walikuja kuandika habari za ustadi wao. Aliyepona alibaki na kovu kichwani, na kila aliyeliona alijua ya kuwa huyu amepita penye shida, akamchukulia kwa upole. Mzee wetu ana kovu lake pia. La kwake liko ndani ya mfupa wa sikio, hapana alionaye, na kwa sababu hiyo hapana aliyemchukulia kwa upole.

Basi, yako mambo gani yanayoweza kufanywa?

Kabla ya matibabu, mgonjwa na apimwe usikivu kwa mashine, masikio yote mawili. Kipimo hicho hakina maumivu. Mtu huvaa kitu cha kusikilizia, na kila asikiapo mlio hutoa ishara. Matokeo huandikwa katika karatasi, na karatasi hiyo na itunzwe pamoja na kadi ya hospitali. Bila kipimo cha kwanza, hapana awezaye kusema baadaye ni kiasi gani kimepotea. Tena mgonjwa au jamaa yake amwulize daktari maswali haya kwa adabu, bila hofu: Je, sikio la ndani limo katika njia ya mionzi? Je, laweza kuepushwa kwa kadiri gani? Mashine za siku hizi huweza kuelekeza mionzi kwa kufuata umbo la uvimbe na kupunguza ile inayoangukia sikio. Mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei, na uvimbe wenyewe kwa kawaida hupewa yapata 70 kwa jumla. Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwaka 2010 walishauri ya kuwa wastani wa mionzi inayofika sikio la ndani usizidi 45, na ikiwezekana uwe chini ya hapo. Si mara zote inawezekana, maana kansa yenyewe ndiyo lazima ipigwe kwanza. Lakini swali lililoulizwa hukumbukwa.

Wakati wa matibabu, mgonjwa akisikia mlio masikioni, au sikio limeziba, au kizunguzungu, aseme siku ile ile. Daktari ataweza kufikiri upya juu ya dawa na kipimo chake. Watu wetu wana desturi ya kunyamaza mbele ya daktari kwa heshima. Katika jambo hili kunyamaza si heshima.

Baada ya matibabu, mgonjwa na apimwe tena, na arudie kupimwa mara kwa mara kwa miaka kadhaa, hata kama anajiona mzima. Na kila aendapo katika zahanati kwa ugonjwa mwingine, hata wa tumbo au kidonda, aseme, "Mimi nilipigwa mionzi ya kichwa, na nilipewa sisplatini." Maana ziko dawa nyingine zinazodhuru sikio, kama jentamaisini na streptomaisini, na muuguzi akijua ataangalia kama iko dawa nyingine ya kufaa. Asitie sikioni kijiti, mafuta, wala maji ya majani. Ajiepushe pia na makelele makubwa: mashine ya kusagia, msumeno wa mota, na vipaza sauti vya mikutano, hata vile vya makanisa yetu.

Ikiwa usikivu umepungua, kiko kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti. Hakirudishi sikio la zamani, na mwanzoni humchosha mtu kwa sababu hukuza na makelele pamoja. Yataka subira ya majuma kadhaa, na mtaalamu wa kukirekebisha kwa kufuata ile karatasi ya kipimo. Kifaa kilichonunuliwa barabarani bila kipimo ni kama miwani ya kuazima. Tena betri zake huisha, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa: kifaa hupatikana kwa msaada wa jamaa, kisha hulala sandukuni kwa kukosa betri.

Kuhusu gharama, wanachama wakumbuke ya kuwa tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ndiyo iliyochukua mahali pa ile bima ya zamani ya hospitali. Kila jamaa na ijiandikishe na kulipa kabla ya ugonjwa kuja, kisha iulize mapema ni matibabu gani yanayolipiwa na ni yapi yasiyolipiwa. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema ya kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine inayomfaa, na ya kupata vifaa vya kumsaidia. Mtu aliyepoteza usikivu kwa sababu ya matibabu ana haki hiyo sawasawa na yule aliyezaliwa bila kusikia. Asione aibu kwenda kuuliza katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu jinsi ya kuandikishwa.

Lakini dawa kubwa kuliko zote haiuzwi dukani, nayo ni adabu yetu sisi tunaosikia. Ukitaka kusema na mtu huyu, kwanza mguse begani au simama mahali akuone. Mwelekezee uso wako penye mwanga, maana baadhi ya maneno huyasoma midomoni. Usifunike kinywa, usitafune. Sema taratibu na wazi, lakini usipige kelele, kwa kuwa kelele huyakunja maneno na humwaibisha mtu mbele ya watu. Asipofahamu, usirudie neno lile lile mara tano. Tafuta neno jingine la maana ile ile. Na usimwambie kamwe, "Basi, si kitu, acha tu." Neno hilo humwambia ya kuwa yeye hana kazi tena katika mazungumzo ya watu. Jamaa nao wasijibu kwa niaba yake. Aulizwe mwenyewe.

Tutazame na mikutano yetu. Twakutana chini ya bati, alasiri, katika nchi yenye mvua nyingi kama hii yetu. Mvua ikianza kupiga bati, hata sisi wenye masikio mazima hatusikii. Hata hivyo tunaendelea, watu watatu wanasema kwa pamoja, shauri linapitishwa, na asiyesikia huhesabiwa kuwa amekubali. Ni haki gani hiyo?

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati yauomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza: kila mwanachama au mtu wa jamaa yake anayepelekwa kutibiwa kansa ya kichwa au shingo kwa msaada wa chama, asaidiwe pia nauli ya kwenda kupimwa masikio kabla ya matibabu, na tena baada ya miezi sita, na kila mwaka kwa miaka mitatu. Tumezoea kuchanga fedha za kwenda. Tuchange na za kufuatilia.

La pili: katika mfuko wa wagonjwa itengwe sehemu ya kusaidia vifaa vya kusikia, na hasa betri zake. Kiasi chake kitaamuliwa na mkutano, si na Kamati.

La tatu, ambalo halina gharama: katika kila kikao cha chama, wenye masikio mazito wakae mbele karibu na mwenyekiti, penye mwanga, watu waseme mmoja mmoja, mvua ikipiga bati, kikao kisimame, na kila shauri liandikwe ubaoni kwa maneno machache kabla ya kupigiwa kura. Asiyesikia na asome, na asiyejua kusoma aelezwe uso kwa uso na mtu aliyekaa kando yake.

Liko na neno la mwisho. Kumbukumbu zile tulizoandika juu ya mzee wetu bado zimo katika kitabu cha Kamati. Tulifikiri kuzifuta, kisha tukaona si vema kuficha kosa. Tumeandika chini yake, kwa sahihi zetu sote, ya kuwa mzee huyu hakukosa ushirikiano. Ni sisi tuliokosa kuuliza. Kisha tukamwendea nyumbani kwake, tukaketi mbele yake penye mwanga, tukamwomba radhi. Alitusikiliza hata tukamaliza. Akasema ya kuwa yeye hana kinyongo, bali ana swali moja: je, ule mpaka wa shamba ulipita penye mti, au haukupita? Maana tangu siku ile hapana aliyemweleza.

Leo amekuja. Ameketi mbele, mkono wa kuume wa Mwenyekiti, na maneno haya tumempa kwa maandishi jana ili ayasome. Mkutano ukikubali haya matatu, twaomba msipige makofi tu. Inueni mikono, ili naye aone.